Mpira wa Mama Mkwe

Mume wangu Kalenga alikuwa gardien wa timu ya Folika, yaani yule anayekaa golini, na alikuwa haoni.

Nasema haoni, sisemi kipofu. Asubuhi aliona vizuri tu: aliniona nikichelewa kuwasha makala, yaani makaa ya kupikia, aliona sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyokosa mafuta, na alisema. Lakini jua likianza kushuka, macho yake yalijaa weupe. Mpira ukija karibu aliudaka kwa mazoea na kwa masikio. Ukiwa mbali, hakujua ni mpira au ni kunguru. Na mechi za Likasi, mji wetu, zilichezwa jioni.

Utaniuliza kwa nini hakuacha. Wee, usiniulize hivyo, nitakukasirikia bure. Mwaka ule wa 1994 watu wenye diploma zao walikuwa wanauza sigara moja moja sokoni. Folika, kiwanda cha kuyeyusha chuma kando ya reli, kilikuwa kimebakiwa na tanuru moja, na hilo nalo lilizimika kila umeme wa bwawa la Mwadingusha ulipokatika. Waliobaki kazini walikuwa ndugu wa wakubwa na wachezaji wa mpira, kwa sababu chef Kitenge, mkubwa wa kiwanda, alipenda timu yake kuliko tanuru lake. Kalenga alikuwa na kazi kwa sababu ya goli. Mshahara tulishausahau, tulikula kwa samaki wakavu niliowafuata ziwa Tshangalele na kuwauza. Kazi ile tuliishikilia kwa jambo moja tu: hospitali ya Folika. Mtoto wa mfanyakazi alipokelewa, mtoto wa mtu mwingine alirudishwa getini.

Na sisi tulikuwa na Plamedi. Jina lenyewe ni Kifaransa kilichokatwakatwa, maana yake mpango wa ajabu wa Mungu. Nimeshamuuliza Mungu mara nyingi ni mpango gani huo, bado hajanijibu. Plamedi alikuwa na miaka sita na ule ugonjwa wa damu ambao waganga wanauita SS. Siku nyingine anaruka, anavunja sahani, unamfukuza na mwiko. Siku nyingine maumivu yanamshika mifupani, anauma shuka, macho yanageuka manjano, na hapo anahitaji maji ya mshipani na damu upesi, la sivyo anakwenda. Mtoto wa jirani yetu Kabamba alikuwa na damu ya namna hiyo hiyo. Baba yake alitolewa kazini mwezi wa pili, na mwezi wa tatu mtoto akafia nje ya geti, juu ya mkokoteni wa kubebea makala. Nilimfunga yule mtoto kitambaa cha kidevu kwa mikono yangu, ndiyo maana nasema usiniulize kwa nini Kalenga hakuacha.

Mficha maradhi kilio humfichua, najua. Lakini mfa maji haishi kutapatapa, na sisi tulitapatapa.

Mimi mpira niliuchukia tangu usichana. Watu wazima ishirini na wawili wanagombania kitu kimoja, na wake zao nyumbani wanagombania maji ya bomba! Lakini jioni moja Kalenga alinikalisha jikoni, akachukua mahindi niliyokuwa napukuchua, akayapanga chini mkekani.

"Mama Plamedi, sikia. Mupira ikitembea, minye nasikia miguu, nasikia Hervé anaita, najua fasi mupira iko. Lakini arbitre akipiga filimbi, yote inasimama. Banaweka mupira chini, banangoja. Pale njo minye nakufa."

"Si banapiga tu, unakamata?"

"Wapi! Kama ingekuwa vile, ata mbuzi ingekuwa gardien." Akaligusa hindi la kwanza. "Kuko kupiga na kupiga. Korneri, wanapiga ku pembeni, ile nasikia mwenyewe. Penalti, ni minye na yeye, hakuna mutu katikati, naruka upande moja nasali. Coup franc, ile mupira ya faulo, njo inasumbua. Kama banamupiga mutu teke, ao banamusukuma, ile ni direct. Ule anapiga iko na haki ya kuingiza moja kwa moja, na minye lazima nikamate."

"Na ingine?"

"Ingine ni indirect. Arbitre anasimamisha mukono juu, haushushe. Mupira haina haki ya kuingia mupaka mutu mwingine auguse kwanza. Ikiingia moja kwa moja, si goli. Banatupatia shiye tupige."

"Na weye ukiugusa?"

Alipiga paja kwa furaha, kama vile nimemjibia katekisimu. "Njo hapo! Nikiugusa, ata na kidole, ikaingia, ni goli. Minye nakuwa ule mutu mwingine. Kwa hiyo ile siku gardien mwenye akili anaacha mikono chini, anaangaria mupira inaingia mu nyumba yake, ananyamaza."

Nikaanza kucheka, nikacheka mpaka Plamedi akaamka.

"Baba Plamedi, iyi ni mupira ya mama mukwe!"

Naye akacheka, maana alielewa mara moja. Kwetu mkwe wa kiume hamkabidhi mama mkwe kitu mkononi. Akileta samaki, anampa mtoto, mtoto anampa bibi. Akileta kitambaa, anakiweka kwa shemeji. Asipokuwepo mtu wa katikati, zawadi inabaki mikononi mwa mwenyewe hata iwe ng'ombe. Hiyo ndiyo heshima tunayoiita bukwe, na Kalenga aliishika sana. Mama yangu alikaa kwetu msimu mzima wa mvua, na mume wangu hakuwahi kumpa hata kiberiti.

Tangu siku ile nilielewa mambo ya mpira kuliko wanaume wengi wanaobishana kwenye vibanda vya pombe. Offside ni bukwe. Kumtukana arbitre ni bukwe. Gardien kutembea sana na mpira mikononi ni bukwe. Na kulikuwa na sheria moja iliyoletwa juzijuzi na Wazungu: mchezaji akimrudishia gardien wake mpira kwa mguu, gardien asiushike kwa mikono, akiushika ni bukwe. Kalenga aliilaani hiyo sheria kila siku. Zamani Hervé, kapiteni wetu na beki wa kati, alikuwa akichoka anamrudishia mpira, Kalenga anaukumbatia, wote wanapumua.

Tulikubaliana hivi. Nitasimama nyuma ya goli kila mechi. Arbitre akipuliza filimbi bila kuinua mkono, nitapiga kelele "Bukari!", kwa sababu bukari, ugali wetu, unatoka kwenye sahani unaingia mdomoni bila kupitia kwa mtu. Akiinua mkono, nitapiga kelele "Bukwe!". Basi watu walicheka! Wakaniita Mama Bukari. Wengine walisema maskini, njaa imempanda kichwani, nyumba nzima inamlilia unga mpaka kwenye mpira. Niliwaacha waseme. Kalenga hakufungwa coup franc hata moja msimu ule, na jirani yangu Orpha, mtu wa maombi, alisema ni mkono wa Bwana. Nilimwambia ni mdomo wangu, mimi Fortunée.

Kisha chef Kitenge akawakusanya wachezaji kiwandani. Alisimama mbele ya tanuru lililopoa, akasema mambo ni magumu, hawezi kulisha miguu inayoshindwa. Jumapili wanacheza na Nyuki ya Kakanda. Wakifungwa, wanatoka kwenye ligi, na wakitoka kwenye ligi hakuna timu, na pasipo timu hakuna sababu ya kuwaweka wachezaji kazini. Sare ilitosha kuwaokoa.

Kalenga alirudi nyumbani hakula. Alimweka Plamedi magotini, akawa anamhesabu vidole, mtoto anacheka.

"Nikifungwa goli moja," aliniambia mtoto alipokwenda kucheza, "minye njo namuua."

"Nyamaza! Weye utakaa mu goli, minye nitakaa nyuma."

"Na jua?"

"Jua ni ya Mungu. Mdomo ni yangu."

Jumamosi nilikwenda misa ya asubuhi, nikawasha mshumaa mbele ya Bikira Maria, halafu nikapita kwa Orpha naye akaniombea kwa lugha zake. Siku hiyo sikuwa na ubaguzi.

Jumapili uwanja ulijaa. Watu wa Kakanda walikuja juu ya malori ya madini, wekundu wa vumbi mpaka kope, na ngoma na masufuria ya kugonga. Kipindi cha kwanza kilikwenda salama. Kalenga aliligeuzia jua mgongo, nami nyuma yake nikaita bukari, nikaita bukwe. Chadrack, mshambuliaji wa Kakanda, kijana mwenye mguu wa kushoto mzito, alipiga coup franc moja kali, nikaita "Bukari! Bukari!", na Kalenga akaupangua kwa ngumi. Sifuri kwa sifuri.

Baada ya mapumziko walibadilishana magoli. Sasa Kalenga alielekea jua. Nilizunguka uwanja mbio niende nyuma ya goli la pili, na huko ndiko walikokaa watu wa Kakanda. Nilipita katikati yao na mtandio wangu, nikasimama mahali pangu. Filimbi ya kwanza ilipolia nikapaza sauti, na mwanamume mmoja mwenye kofia ya kazi akanigeukia.

"Eh! Uyu mama anasema nini ku goli yetu?"

"Goli yenu wapi? Iko pale mbele!"

"Anataja chakula! Tangu mwanzo anataja chakula nyuma ya gardien, na mupira haiingie. Iko na dawa uyu!"

Yaya, neno hilo! Mara watu kumi wameshasimama. Wakaninusa mikono, wakanifungua fundo la kitambaa kutafuta hirizi, wakakuta karanga za Plamedi. Nikawaambia dawa yangu ni akili, kama wanaijua. Mlinzi wa uwanja alikuja, akanishika mkono, akasema mama, kwa usalama wako, nenda kule. Kule kulikuwa karibu na bendera ya korneri, nyuma ya kamba. Nikabishana, nikatukana, nikalia, akanivuta tu.

Kutoka pale nilimwona arbitre vizuri kabisa. Lakini zile ngoma na masufuria! Nilipiga kelele mpaka koo likawaka, na mume wangu hakugeuza hata sikio. Nilimwona akinyoosha shingo, akipepesa macho kwenye ule mng'ao, anatafuta sauti yangu pale ilipokuwa siku zote. Roho ilinitoka. Kila Kakanda waliposogea, nilimwona Plamedi juu ya mkokoteni.

Hervé alipigana siku ile, sitamnyima haki yake. Kila mpira alikuwa anautoa kwa kichwa, kwa goti, kwa tumbo. Dakika za mwisho alichoka, kila mtu aliona amechoka. Akapata mpira, amezungukwa, akafanya alichokuwa akifanya miaka yote: akaurudisha taratibu kwa gardien wake. Kalenga angeuona mguu wa Hervé, angeupiga mbali. Hakuuona. Alisikia mpira unaviringika juu ya vumbi unamjia, hakujua ni wa rafiki au wa adui, na mtu wa goli akiwa na shaka anafanya kitu kimoja tu. Aliuangukia na kuukumbatia.

Filimbi.

Arbitre akaja mbio, akaonyesha mahali, ndani kabisa, mbele ya goli. Akainua mkono juu. Mwanangu, ule mkono niliuona mrefu kama mti wa umeme. Bukwe, na Kalenga hajui! Yeye alikuwa anauliza kulia na kushoto, "Ni nini? Ni nini?", na wenzake walikuwa wanapiga makelele kwa arbitre, wanasukumana kupanga ukuta, hakuna aliyemjibu. Nani atamjibu gardien anayeuliza kitu ambacho mtoto wa shule anakiona?

Chadrack akauweka mpira chini. Mwenzake alisimama pembeni yake kama anayetaka kuugusa, lakini mimi nilimwona Chadrack anavyorudi nyuma hatua ndefu. Nikajua. Alitaka kuupiga moja kwa moja kwa nguvu zote ili Kalenga ajitupe, augonge kwa mkono, uingie naye. Ni gardien gani duniani anaona mpira unaingia nyumbani kwake asiunyooshee mkono?

Nikaruka kamba. Mlinzi alinidaka kitenge, nikamwachia kitenge chote, nikaenda na gauni la ndani. Mbele ya Likasi nzima na Kakanda nzima, mimi mama wa watu, nilikimbia na jupo jeupe kupita nyuma ya wapiga ngoma. Mtu alinipiga na sufuria begani. Mtu mwingine alisema mlozi amevua nguo sasa, na hilo likanisaidia, maana wengine wakaogopa wakanipisha. Nikafika nyuma ya wavu. Nikashika nyuzi kwa vidole vyote.

"Bukwe! Kalenga! Bukwe! Bukwe!"

Kichwa chake kikatulia. Wakati huo huo Chadrack akapiga.

Mpira ulipita katikati ya mabeki wawili walioruka, Mungu shahidi yangu haukumgusa yeyote, nami nilikuwa nautazama kwa ajili yetu wawili. Na mume wangu akashusha mikono. Akaipeleka nyuma, akaishika kiunoni, akasimama wima. Mpira ukampita karibu na sikio, ukaingia, ukavuta wavu mpaka ukanigonga mimi kifuani.

Kakanda wakalipuka. Watu waliingia uwanjani, ngoma zikapasuliwa, Chadrack akapiga magoti. Lakini arbitre alikuwa bado ameinua mkono ule ule, hakuushusha, akawa anatikisa kichwa hapana, hapana, hapana. Kisha akaonyesha kidole kwenye mstari mdogo mbele ya goli: Folika wapige wao. Si goli! Nilipiga magoti kwenye mavumbi na jupo langu, nikasema asante kwa watakatifu wote, wa kwangu na wa Orpha.

Laiti mechi ingeisha pale. Ilibidi mpira urudishwe mchezoni, na mpira ulikuwa ndani ya wavu, kwenye kona ya kushoto. Arbitre akamwonyesha Kalenga apige. Kakanda walikuwa wameduwaa, wanasubiri, hata masufuria yalinyamaza. Chef Kitenge alikuwa amesogea karibu kabisa na mlingoti, kama wakubwa wanavyofanya mechi ikikaribia kuisha. Kalenga aligeuka akaingia golini. Akaenda upande wa kulia. Akainama, akapapasa chini. Akashika wavu, akaupapasa juu mpaka chini, mkono kwa mkono. Hakuna kitu. Watu wakaanza kutazamana. Na katika ule ukimya mume wangu akauliza kwa sauti yake ya nyumbani, sauti ya mtu anayetafuta sapatu chini ya kitanda:

"Mama Plamedi, kwani iliingia?"

Gardien aliyesimama golini anauliza kama mpira umeingia.

Niliziba mdomo kwa mikono miwili. Hervé alikuja haraka, akauchukua mpira, akauweka, akaupiga yeye mwenyewe mbali. Arbitre akapuliza ya mwisho. Sifuri kwa sifuri, timu imeokoka. Wachezaji wale wengine walirukiana, wakalia, wakataja majina ya wake zao. Lakini hakuna aliyemrukia Kalenga.

Chef Kitenge alimwita kwa jina. Kalenga akafuata sauti, akasimama mbele yake, jua limemjaa usoni, anatabasamu tabasamu la adabu.

"Kalenga. Hapa iko vidole ngapi?"

"Chef, leo hatukufungwa."

"Nakuuliza vidole."

Kalenga alisogeza uso mbele. Nilimwona anavyotafuta. "Tatu," akasema.

Mkono wa chef ulikuwa ndani ya mfuko wa suruali. Hakuwa ameinua kidole hata kimoja.

Hervé akatazama chini, na wengine nao wakatazama chini. Chef alikohoa, na nitasema ukweli, hakufurahi. Alisema, "Timu inabakia. Gardien tutatafuta mwingine. Weye, Kalenga, unamaliza na mwezi iyi."

Hapo nikaingia mimi. Mtu alikuwa amenirudishia kitenge changu, nimekishika mkononi tu, sikukifunga. "Chef, uyu njo ameokoa timu yako! Bale bote biko na kazi kesho juu yake!"

"Naona, mama. Namushukuru."

"Na mutoto wetu? Hospitali?"

"Hospitali inafuata kazi, mama. Mupaka mwisho wa mwezi muko na haki."

"Mwisho wa mwezi! Damu ya mutoto inajua mwisho wa mwezi? Inasoma kalendari?" Nilimwendea, Hervé akanishika. "Sema! Umwambie mutoto wangu ashikwe na maumivu hii juma, maana juma ile ingine hatuna haki!"

Chef alipanda gari lake. Sina neno zaidi la kusema juu yake, alipanda gari akaenda.

Nilimshika Kalenga mkono, tukatoka. Njia nzima alikuwa anasema samahani, mara kwangu, mara kwa Plamedi asiyekuwepo. Nilimwambia anyamaze, halafu nikamwambia aseme, halafu nikalia mbele ya watu wanaotoka mpirani. Nilikuwa na hasira na Wazungu na sheria yao, na Hervé na mguu wake uliochoka, na jua. Nilikuwa na hasira mpaka na mume wangu, kwa sababu alikuwa amefanya vizuri kila kitu.

Nyumbani Plamedi alikuwa anacheza na vizibo vya chupa mlangoni kwa Orpha. Alikuwa mzima. Macho meupe, tumbo limeshiba, anaimba. Nilimtazama vile alivyo mzima, na uzima wake ukaniogopesha kuliko homa. Mwezi ulikuwa umebakiza juma moja. Nikamnyanyua, nikamfunga mgongoni ingawa ni mkubwa na miguu yake ilinigonga magotini.

"Tunaenda wapi, maman?"

"Kwa maman Henriette."

Henriette alikuwa muuguzi wa watoto katika hospitali ya Folika. Alitufahamu. Getini walitupitisha sote watatu bila neno, kwa sababu jina la Kalenga lilikuwa bado ni jina la mfanyakazi. Alimweka Plamedi mezani, akamgusa paji, akamfunua kope, akambonyeza miguu. Mtoto alikuwa anachezea kamba ya kipimo cha muuguzi cha kusikilizia kifua.

"Iko na nini?"

"Haiko na kitu."

"Sasa?"

"Atagonjwa," nikasema. "Leo haiko mugonjwa, lakini atagonjwa. Unamujua. Mwezi ikiisha hamutamupokea tena. Mupokee sasa. Nitalala naye chini, sitaki kitanda. Mumuweke tu, akishikwa iko ndani tayari."

"Mama Plamedi." Aliketi. "Docteur akipita asubuhi, akamuona anaruka, atasema nini kwangu? Sina ruhusa ya kulaza mutoto muzima. Angekuwa na ata homa kidogo, ata kilio kidogo, ningejua ya kuandika."

Nikamgeukia mwanangu. Nikamshika mabega.

"Plamedi, lia."

Akanitazama.

"Lia kidogo, mwanangu. Sema miguu inauma. Umulilie maman Henriette."

Akacheka. Alidhani ni mchezo, akafunika uso kwa viganja, akachungulia katikati ya vidole, akacheka tena. Kalenga alikuwa amesimama mlangoni, ananisikia.

Nilimfinya. Nilimfinya paja, kwa kucha, kwa nguvu zangu zote, yule mtoto ambaye usiku na mchana naomba asiumwe. Akapiga yowe, akanitazama bila kuelewa, machozi yakaja mengi.

Henriette akageuza uso. Kisha akainuka, akafungua mlango wa chumba cha watoto.